Miaka 22 kwenye kiti kisicho na kura: uchambuzi wa kisa cha Brigedia Jenerali Hashim Mbita

Brigedia Jenerali Hashim Mbita alifariki dunia jijini Dar es Salaam Jumapili ya tarehe 26 Aprili 2015, siku ya Sikukuu ya Muungano, akiwa na umri wa miaka 81. Wasifu wake unaenea kwenye aya moja. Alizaliwa Tabora mwaka 1933. Alikuwa mwandishi wa habari, kisha katibu wa habari wa Rais Nyerere, kisha ofisa wa Jeshi la Wananchi, JWTZ. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa Katibu Mtendaji wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara. Kuanzia 1972 alikuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, na alibaki hapo mpaka kamati ilipovunjwa mwaka 1994. Baadaye alikuwa balozi wa Tanzania nchini Zimbabwe. Mwaka 2010 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilimtunuku nishani ya Sir Seretse Khama.

Huo ndio wasifu wa marehemu kama tunavyouzoea kwenye mazishi ya wakubwa: mwaka wa kuzaliwa, shule, vyeo, nishani, mjane, watoto na wajukuu, halafu dua. Hauna uongo ndani yake. Ila kijana aliyezaliwa baada ya 1994 akiusikia, anarudi nyumbani na majina ya vyeo tu. Hajui mtu huyu aliamka asubuhi kwenda kufanya nini, aliogopa nini, wala alikataa nini.

Nimemchagua Mzee Mbita kwa sababu kisa chake kinaweka wazi ugumu ambao taazia za watumishi wa umma hukutana nao na mara nyingi huukwepa. Mwanasiasa huacha hotuba. Jemadari wa vita huacha uwanja wa mapambano na tarehe ya ushindi. Mtumishi wa umma huacha majalada, na kama kazi yake ilikuwa ya siri kama hii, hata majalada hayo hayasomwi na kila mtu. Basi tumkumbuke kwa nini? Jibu langu ni kwamba tuitazame kazi yenyewe ilivyokuwa ikifanyika, na tuzipime zile siku ambazo mtu wa tabia nyingine angeiharibu.

Kiti chenyewe

OAU ilizaliwa Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963, na mwaka huohuo Kamati ya Ukombozi ikaanzishwa ikiwa na nchi tisa, makao makuu yakiwa Dar es Salaam. Mji huo haukuchaguliwa kwa bahati. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa imeundwa hapohapo Juni 1962, na ng'ambo ya mto Ruvuma alikuwepo Mreno aliyeitawala nchi hiyo.

Kamati ilikuwa na kazi kubwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kuvitambua vyama vya ukombozi, maana chama kisichotambuliwa na OAU kilikosa msaada na kilikosa heshima mbele ya dunia. Ya pili ilikuwa kuukusanya na kuugawa Mfuko Maalumu, uliotokana na michango ya nchi wanachama. Ya tatu ilikuwa kuhakikisha silaha na mafunzo vinawafikia wapiganaji. Shehena kutoka China, Urusi na kwingineko zilishushwa bandarini Dar es Salaam, zikapokewa na JWTZ, kisha zikasafirishwa kwenda kunakohusika. Wapiganaji walikuwa katika makambi ya Nachingwea, Kongwa, Mgagao na kwingine.

Katibu Mtendaji alisimamia sekretarieti ya shughuli hiyo yote. Hakuwa na jeshi lake, na fedha zilikuwa za nchi wanachama, ambazo nyingi zilichelewa kulipa mwaka baada ya mwaka. Kwenye vikao vya mawaziri hakuwa na kura. Wenye kura walikuwa wengine. Yeye aliandaa hoja, akayasikia maamuzi, akaenda kuyatekeleza, mara nyingine maamuzi ambayo nusu ya waliokuwa chumbani hawakuyataka.

Ukikitazama kiti hicho ndipo maisha yake ya awali yanapopata maana. Uandishi wa habari na ukatibu wa Ikulu humfundisha mtu lipi la kusema, lipi la kunyamazia, na nani aambiwe lini. Jeshi lilimpa lugha ya kuzungumza na wanaohesabu bunduki na risasi. Chama kilimfikisha kwenye siasa za ndani kabisa: Mwongozo wa TANU ulitoka Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, na ulibeba imani kwamba uhuru wa Tanzania hauko salama wakati majirani wanatawaliwa. Kwa msomaji wa leo, mwanajeshi anayefanya kazi ya chama huenda akaonekana jambo geni. Tanzania ya chama kimoja haikuona ugeni wowote hapo. Jeshi lililoundwa upya tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo, lilikusudiwa kuwa jeshi la siasa, na maofisa wake walikuwa wanachama.

Kwa hiyo alipokabidhiwa kamati mwaka 1972, akiwa bado hajafika miaka 40, alikuwa ameaminiwa tayari na taasisi tatu ambazo kazi hiyo isingesogea bila hizo. Wasifu huvipanga vyeo hivyo kama ngazi, kimoja juu ya kingine. Mimi naviona kama vifaa ambavyo hatimaye vilitumika vyote kwa mkupuo.

Hatari ilikuwa mlangoni

Eduardo Mondlane wa FRELIMO aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Amílcar Cabral wa PAIGC ya Guinea-Bissau na Cape Verde aliuawa Conakry tarehe 20 Januari 1973, Mbita akiwa bado mgeni kwenye kazi. Herbert Chitepo wa ZANU ya Zimbabwe aliuawa Lusaka tarehe 18 Machi 1975 kwa bomu lililotegwa kwenye gari. Juni 1979 David Sibeko wa PAC ya Afrika Kusini aliuawa hapohapo Dar es Salaam, na mauaji hayo yalitoka ndani ya mgogoro wa chama chake mwenyewe.

Katika mazingira hayo, neno moja lililoponyoka mezani lingeweza kumgharimu mtu maisha. Ndiyo maana siioni tabia ya ukimya ya watumishi wa kizazi kile kama upole tu. Walijua majina, njia, tarehe za meli na namba za maghala. Nawaheshimu kwa hilo, na wakati huohuo nauona mtego wake: aliyezoea kunyamaza miaka 20 huendelea kunyamaza hata pale ambapo wajukuu wanahitaji kusikia.

Kisha mambo yakabadilika ghafla. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno waliiangusha serikali yao mjini Lisbon, wakiwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Guinea-Bissau ikatambuliwa mwaka huohuo. Mwaka 1975 Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, Cape Verde na São Tomé na Príncipe zikafuata Julai, mwezi ambao Komoro nayo ilijitangazia uhuru, na Angola ikawa huru tarehe 11 Novemba. Shelisheli ilifuata 1976 na Jibuti 1977. Taazia nyingi hufika hapa zikapiga vigelegele na kuendelea mbele. Mimi nataka tusimame Angola.

Angola: mwajiri anapogawanyika katikati

Angola ilikuwa na vyama vitatu, MPLA, FNLA na UNITA. Vilitia saini makubaliano na Ureno huko Alvor Januari 1975, na kabla mwaka haujafika katikati vilikuwa vikipigana. Afrika Kusini ya makaburu ikaingiza majeshi kutoka kusini, Cuba ikaja kuisaidia MPLA, na mataifa makubwa yakawa nyuma ya kila upande.

Januari 1976 wakuu wa OAU walikutana kwa dharura Addis Ababa. Nchi 22 zilitaka serikali ya MPLA itambuliwe, na nyingine 22 zilitaka iundwe serikali ya umoja ya vyama vyote vitatu. Ethiopia iliyokuwa mwenyeji na Uganda iliyokuwa kwenye uenyekiti hazikuegemea upande wowote. Kikao kikaisha bila uamuzi.

Mfikirie sasa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi. Nchi yake, Tanzania, ilikuwa upande wa MPLA na haikuficha. Waajiri wake, yaani nchi wanachama, walikuwa wamegawanyika 22 kwa 22. Vyama alivyopaswa kuvihudumia vilikuwa vinauana kwa silaha ambazo baadhi yake zilikusudiwa kumpiga Mreno. Angejifanya msemaji wa Dar es Salaam, nusu ya Afrika isingeiamini tena ofisi yake. Angejificha nyuma ya utaratibu, kazi ya Zimbabwe na Namibia ingelala, maana fedha zilezile na vikao vilevile ndivyo vilivyozihudumia.

Ninachokiona kama ushahidi wa utumishi wake ni kile kilichofuata. Februari 1976 Angola ikapokewa OAU chini ya MPLA, nchi zilizokuwa zimepinga zikaendelea kuwa wanachama, na Kamati ya Ukombozi haikupasuka. Sifa hiyo haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Marais na mawaziri ndio walioamua. Ila ofisi iliyopita katikati ya moto ule ikabaki inaaminika kwa pande zote haikubaki hivyo yenyewe. Kila mwenye kuwahi kuwa katibu wa kikao cha ndugu wanaogombea shamba anajua ugumu wa kuandika muhtasari ambao pande zote mbili zitautia saini. Mbita aliiandaa mihtasari ya namna hiyo kwa miaka 22, na waliogombana mezani mwake walikuwa na bunduki.

Zimbabwe: ndugu wawili kambi moja

Kisa cha Zimbabwe ni kizito zaidi, kwa sababu damu ilimwagika ndani ya Tanzania. ZANU na ZAPU zilitengana tangu 1963. ZANU ilisaidiwa zaidi na China, ZAPU na Urusi. OAU na nchi zilizo mstari wa mbele zilishikilia msimamo kwamba waungane, na mwishoni mwa 1975 likaundwa jeshi la pamoja lililoitwa ZIPA. Mwaka 1976 wapiganaji wa pande hizo mbili walishambuliana katika makambi ya mafunzo ya Tanzania, Mgagao ikiwemo, na watu wakafa. Hawakuuawa na jeshi la Ian Smith, kiongozi wa walowezi waliotawala Zimbabwe, wakati huo Rhodesia. Waliuawa na wenzao, katika nchi iliyowakaribisha, wakila chakula cha mfuko mmoja.

Wasifu wa kawaida huliruka jambo hili kwa sababu linaumiza, na ni kosa kuliruka. Ukiliondoa, msisitizo wa umoja unabaki kuwa wimbo wa mikutano. Ukiliweka, unaelewa kwa nini watumishi wa Kamati ya Ukombozi walirudia neno umoja mpaka vyama vyenyewe vikachoka kulisikia. Walikuwa wameona maiti.

Jeshi la pamoja lilikufa, lakini ushirikiano wa kisiasa ulipona kupitia Patriotic Front, ushirika wa vyama hivyo viwili, uliokwenda mazungumzoni Lancaster House mjini London kama ujumbe mmoja. Makubaliano yalitiwa saini tarehe 21 Desemba 1979, na Zimbabwe ikawa huru tarehe 18 Aprili 1980. Machungu ya mgawanyiko yaliendelea baada ya uhuru, na vyama hivyo havikuungana rasmi mpaka Desemba 1987. Miaka mingi baadaye Mbita alipelekwa Harare kama balozi. Alikwenda kuiwakilisha Tanzania mbele ya mawaziri na majenerali ambao aliwafahamu wakiwa vijana wa makambini, wengine wakiwa wametoka kwenye pande zilizouana. Ni mabalozi wachache sana waliowahi kufika kituoni wakiwa na jalada kubwa hivyo kichwani.

Mambo ambayo taazia ya heshima lazima iyabebe

Kuna watu wanaoamini kwamba kumkumbuka marehemu kwa heshima ni kuacha maswali magumu. Siafikiani nao, hasa kwa mtu aliyetumikia umma. Heshima kamili inamchukua mtumishi pamoja na kazi yake nzima.

Swali moja ni la fedha. Mfuko Maalumu uliishi kwa michango ya nchi ambazo nyingine zilitoa hotuba kali na kulipa kidogo. Uzito ukaiangukia nchi mwenyeji. Wananchi wa Mtwara na Ruvuma waliishi na mabomu ya ndege za Ureno na mabomu ya kutegwa ardhini mpakani, na ardhi ya Mazimbu mkoani Morogoro, iliyokuwa shamba la mkonge, walipewa ANC ya Afrika Kusini baada ya vijana wa Soweto kuanza kukimbia nchi yao kufuatia mauaji ya Juni 1976. Kila ukisoma kwamba Kamati ya Ukombozi ilifanikiwa, kumbuka kwamba mkulima wa Nachingwea aliyelipa kodi na kulala na taa imezimwa alikuwa mchangiaji asiye na risiti. Taazia ya Mbita isiyomtaja mkulima huyo inamnyima na marehemu haki yake, kwa maana ofisi yake ilisimama juu ya mabega ya watu hao.

Swali la pili ni gumu zaidi. Si kila mpigania uhuru alitendewa haki na chama chake. Andreas Shipanga na wenzake, waliotofautiana na uongozi wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, mwaka 1976, waliishia kuzuiliwa Tanzania hadi 1978. Uamuzi wa kuwazuia ulikuwa wa serikali na wa chama chao. Hata hivyo utaratibu wa kukitambua chama kimoja na kukikabidhi mamlaka yote juu ya watu wake ulikuwa utaratibu wa OAU, na Kamati ya Ukombozi ndiyo iliyoutekeleza. Utaratibu huo ulileta nguvu vitani na ulimwacha mpinzani wa ndani bila mlango wa kubisha. Namtaja Shipanga hapa kwa kuwa kumbukumbu inayofaa kufundishia watumishi vijana inapaswa kuwaonyesha gharama ya kila kanuni njema.

Na kuna Sahara Magharibi, iliyobaki kiporo. Jamhuri ya Waarabu wa Sahara, iliyotangazwa katika eneo hilo ambalo Morocco inalidai kuwa lake, ilipopokewa OAU, Morocco ikaondoka mwaka 1984. Kamati ilipofungwa, suala hilo lilikuwa bado halijaisha. Ni sahihi kusema Mbita alikaa mpaka kusini mwa Afrika kukawa huru: Namibia tarehe 21 Machi 1990, na Afrika Kusini kwa uchaguzi ulioanza mwishoni mwa Aprili 1994. Kusema kwamba aliiona Afrika yote ikiwa huru ni kuteleza, ingawa sentensi hiyo hupendeza sana msibani.

Baada ya 1994

Hapa ndipo ninapoona jambo lililo kubwa kuliko vyeo vyote. Mtu aliyemaliza miaka 22 ya kazi ya siri angeweza kustaafu na siri zake, akaalikwa kwenye sherehe za uhuru za nchi sita au saba, akapigiwa saluti, akarudi nyumbani. Watu wangemsamehe kwa hilo. Badala yake, katikati ya miaka ya 2000 SADC ilianzisha mradi wa kukusanya historia ya harakati za ukombozi kusini mwa Afrika, mradi uliopewa jina lake, na nguvu za uzee wake zikaenda huko.

Mradi wa Hashim Mbita ulikusanya nyaraka na ushuhuda wa watu kutoka nchi mbalimbali za ukanda huu: wapiganaji wa zamani, wanasiasa, na wanavijiji walioishi jirani na kambi au mpaka. Matokeo yalichapwa mwaka 2014 na Mkuki na Nyota katika juzuu tisa, zikihaririwa na Arnold Temu na Joel das Neves Tembe, na zikihusu miaka ya 1960 hadi 1994. Mzee Mbita alifariki mwaka uliofuata.

Nadhani watu wengi hawajapima ukubwa wa hatua hiyo. Mradi wenye jina lako ungekuwa rahisi kugeuzwa wasifu wako. Angeweza kujaza juzuu moja kwa maisha yake mwenyewe na hakuna ambaye angemlaumu. Juzuu zile zimejaa wengine. Mtunza siri mkuu wa ukombozi alitumia miaka yake ya mwisho kuwafungua wengine midomo, tena mapema kidogo kabla kizazi kile hakijaisha. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kitendo chake cha mwisho cha utumishi wa umma, na kina uzito sawa na kazi ya makambini.

Mwongozo wa 1971 uliwataka viongozi waepuke majivuno na dharau kwa wananchi. Maneno hayo yalisomwa na wengi na kutekelezwa na wachache. Alipokuja kuzeeka, mtu aliyekuwa Katibu Mtendaji wa chama wakati maneno hayo ni mapya aliwaweka wanavijiji kwenye kurasa zilezile na marais. Sijui njia bora zaidi ya kuusoma Mwongozo ule kuliko hiyo.

Taazia iandikweje, basi

Kama ningepewa kurasa mbili za kumwandika, mwaka wa kuzaliwa na nishani vingekaa mwishoni. Ningeanza na bandari: meli imefika, JWTZ wanapokea, malori yanaondoka usiku kuelekea kusini, na ofisini Dar es Salaam kuna mtu anayejua idadi ya masanduku na ambaye hatamwambia hata rafiki yake. Kisha ningeiweka Addis Ababa ya Januari 1976, 22 kwa 22. Kisha Mgagao, bila kuficha waliokufa. Kisha Shipanga. Ndipo ningefika kwenye juzuu tisa. Msomaji akimaliza hapo, vyeo atavielewa bila kuelezwa, na atajua kwa nini Luteni Kanali wa miaka ya 1970 alistaafu akiwa Brigedia Jenerali.

Wapo watakaosema kwamba siku ya mazishi si siku ya uchambuzi, na nakubaliana nao kwa sehemu. Familia ina haki ya kulia bila darasa. Lakini wasifu unaosomwa kaburini ndio huo unaonakiliwa magazetini, ndio unaoingia kwenye vitabu vya shule, na miaka kumi baadaye ndio pekee uliobaki. Waandishi wa habari na ofisi za serikali wangeweza kuuandaa mwingine, mrefu, ndani ya mwaka wa kwanza wa msiba, huku waliofanya kazi na marehemu wakiwa bado wanakumbuka. Makatibu muhtasi, wahasibu, walinzi, wakalimani na madereva wa ofisi kama ile hawakuwahi kuhojiwa na gazeti lolote wakati wa kazi, na walikuwa wanaona kila aliyeingia na kutoka.

Jambo la mwisho ni la lugha. Juzuu zile zilitoka kwa Kiingereza. Mwaka 2014 Kiswahili kilikuwa bado si lugha rasmi ya SADC. Kilipitishwa Agosti 2019, kwenye mkutano wa wakuu uliofanyika Dar es Salaam. Wapiganaji wengi kutoka Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walijifunza Kiswahili hapahapa, makambini na vijijini, na baadhi ya walioandikwa katika juzuu zile walisimulia mambo waliyoyaishi kwa Kiswahili. Tanzania inahifadhi Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, na redio za jamii zipo katika mikoa ileile ya kusini iliyopigwa mabomu. Kuzileta juzuu hizo katika Kiswahili, sehemu kwa sehemu, na kuzisoma redioni, ni kazi inayoweza kuanza kwa bajeti ndogo na watu wachache wenye moyo. Kila sehemu ikisomwa, wasikilizaji wapewe namba ya kupiga simu ili waongeze waliyoyaona wao. Ningeanza na Nachingwea, kisha Kongwa, kisha Mgagao, na wa kwanza kuwauliza wangekuwa madereva.